Mdogo wangu, karibu kwenye mradi

Umepata kazi. Mkataba wa miaka miwili, fulana yenye nembo, kompyuta mpakato, na dereva anayejua njia zote za vumbi kuliko wewe. Hongera. Mimi nimezunguka na miradi ya elimu inayolipiwa na wafadhili zaidi ya miaka kumi, katika mikoa minne, na mengi nitakayokuambia hapa niliyajua baada ya kuyavuruga.

Kwanza, ujue hela unayoitumia ni ya namna gani. Mwezi wangu wa pili kazini nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikaeleza madarasa, vitabu, mafunzo. Mwenyekiti akanyoosha mkono: "Afisa, hizi tunapewa au tunakopeshwa?" Nikabaki namtazama. Nilikuwa nimesoma mpango kazi wote, ila hilo sikuwahi kuliuliza ofisini. EQUIP-T, mradi wa kuboresha elimu ya msingi ulioanza 2014 katika mikoa kama Dodoma, Kigoma, Lindi na Tabora, ulikuwa ruzuku ya Uingereza, hela ya kupewa. SEQUIP, zile dola milioni 500 za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa Machi 2020 kwa ajili ya sekondari, ni mkopo, na wanafunzi wa leo watakuwa wazazi wakati bado unalipwa. Zote mbili kijijini zinaitwa hela za wazungu. Halafu kuna ile chenji ya rada, pauni milioni 29.5 ambazo BAE Systems, kampuni ya Uingereza, iliturudishia baada ya kashfa ya kutuuzia rada, zikanunua vitabu na madawati. Ile niiweke fungu gani sijui, maana ilikuwa hela yetu inarudi nyumbani ikiwa imevaa suti ya msaada.

Kuhusu kubisha hodi sitasema mengi. Mkoa, halmashauri, kata, ndipo shule. Barua ya Mkurugenzi iwe mkononi, saini kitabu cha wageni, na usiingie darasani kabla hujakaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu hata dakika kumi. Ukiruka Afisa Elimu Kata umejifungia mlango mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye atakayepita pale Jumatatu wewe ukiwa umeshasahau jina la shule.

Posho ndiyo itakayokutoa jasho. Utawasikia wenzako ofisini wakilalamika kwamba walimu wanafuata posho tu. Kabla hujaitikia, fanya safari ya mwalimu mmoja: bodaboda hadi barabarani, gari hadi wilayani, chakula, pa kulala kama mafunzo ni ya siku mbili, na bodaboda ya kurudi usiku kwa bei ya usiku. Niliwahi kuandaa mafunzo ya walimu wa darasa la kwanza na la pili, nikakusanya namba zao za simu ili tuwalipe kwa mtandao. Nikajiona nimeendelea. Hela zilipotumwa, zaidi ya theluthi ya malipo yalirudi. Laini ya huyu imesajiliwa kwa jina la mume, ya yule kwa jina la mtoto wake, mwingine kwenye orodha kaandika Mwl. Asha ilhali kitambulisho kinasema Aisha. Mhasibu wetu hakutaka kusikia habari ya Asha na Aisha. Mama mmoja aliuza kitenge chake kipya stendi ili apate nauli ya kurudi, na nililijua hilo wiki mbili baadaye, kutoka kwa mtu mwingine kabisa. Tangu siku hiyo nakusanya majina kwa kutazama usajili wa laini kwenye simu yenyewe, mwalimu akiwa mbele yangu, na nauli natoa taslimu asubuhi ya kwanza hata kama mhasibu ananuna.

Na usipange mafunzo wiki za kupanda. Kalenda ya mfadhili haina mvua.

Sasa vifaa. Tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada, na serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni, na 4,000 ni za vitabu. Piga hesabu mwenyewe: shule ya watoto 400 inapata kama 200,000 kwa mwezi, za chaki, mitihani, bawaba za mlango na kila kitu kingine. Ukipeleka vishikwambi 30 kwenye shule isiyo na umeme, nani atalipa kuchaji? Nimeona vishikwambi vimepangwa dukani kwa fundi simu, kila kimoja shilingi 300, na mwalimu anakwenda kuvichukua Ijumaa kama mtu anayefuata maandazi. Baada ya miezi mitatu akaacha kwenda. Kwenye ripoti yetu shule ile ilihesabiwa kuwa imeunganishwa na teknolojia. Ripoti niliiandika mimi.

Lugha nayo. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wanajifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na wanajifunza kwa Kiswahili. Lakini miongozo mingi inaandikwa kwanza kwa Kiingereza, mezani kwa mshauri, kisha inatafsiriwa. Tulikuwa na mwongozo uliotaka mwalimu atumie siku nzima kwenye sauti ya herufi b peke yake. Mwalimu mmoja mzee, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, aliusoma mpaka mwisho kwa heshima zote, akavua miwani. "Mwanangu, b peke yake haisemi kitu. Mtoto mpe ba be bi bo bu, kesho yake ataandika baba." Darasani kwake watoto zaidi ya 90, wengi wamekuja na Kisukuma tu kutoka nyumbani, na wanasoma. Mwongozo ule haukubadilishwa, maana ulikuwa umeshachapwa.

Jambo la mwisho ndilo wengi hawataki kuliongelea wakati mkataba ni mpya. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID, shirika lake la misaada, lilikuwa limeacha kuendesha miradi. Nina rafiki zangu waliokuwa barabarani kuelekea shuleni walipopigiwa simu wageuze gari. Wengine walikuwa na semina kesho yake, ukumbi umeshalipiwa. Kwa hiyo weka akiba, hilo la kwako. La shule ni hili: tangu mwezi wa kwanza, kila unachokifanya kiwe na mtu wa halmashauri anayekifanya pamoja nawe, mwenye nakala ya orodha, mwenye namba za walimu, anayejua ufunguo wa stoo uko kwa nani.

Mwaka jana nilipita kwenye shule moja ambayo mradi wetu uliiacha zamani. Makabati yetu ya vitabu yalikuwa stoo, mchwa wamekula upande mmoja. Darasa la kwanza, kamba ya katani ilikuwa imefungwa ukutani kutoka dirisha hadi dirisha, na juu yake kadi za silabi zilizokatwa kwenye mifuko ya saruji, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Mwandiko haukuwa wa mtu yeyote niliyemfundisha. Mwalimu alikuwa binti mdogo, ajira mpya, hata jina la mradi wetu hakuwahi kulisikia. Akaniuliza kama kwenye gari nina makapeni, nyeusi hasa, maana ile yake imekauka akiwa amefika kwenye nya nye nyi.