Pumu ya ngozi: maswali yenu ya wiki hii

Mwanangu wa miaka 3 anajikuna viwiko na nyuma ya magoti usiku kucha. Kila tyubu ya duka la dawa inamtuliza wiki moja tu. (Mama, Tanga)

Pole sana, mama. Dalili hizo ni za pumu ya ngozi, ila kama wengine nyumbani nao wanawashwa usiku, huenda ni upele wa kuambukizana (scabies), na huo hutibiwa nyumba nzima kwa siku moja. Tyubu nyingi za dukani huchanganya dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Kinachomtuliza ni steroidi. Ukiacha, mwasho unarudi, nawe unanunua nyingine. Acha kuzunguka. Nenda kituo cha afya na tyubu zote, hata zilizokwisha, daktari ajue mtoto amepakwa nini. Akikuandikia rufaa, ulizia kwanza hospitali ya wilaya: kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu tangu 1992, na wengi wao hurudi wilayani.

Nimeandikiwa betamethasoni. Jirani anasema inachubua, niache?

Usiache! Betamethasoni ni steroidi, na hofu hii inawatesa wagonjwa wengi bure. Ngozi hukonda mtu anapopaka steroidi kali kwa muda mrefu, hasa usoni na kwapani, kama wafanyavyo wanaojichubua kwa klobetasoli, steroidi kali sana. Wewe kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza: ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Paka penye ugonjwa tu, kwa siku ulizoandikiwa.

Lakini mafuta ya kulainisha ni ya mwili mzima, asubuhi na jioni, na mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Vaseline isiyo na manukato inafaa kabisa. Haya hayaachwi hata ngozi ikitulia, na ndiyo watu wanayoacha kwanza.

Bibi anataka tumwogeshe kwa sabuni ya dawa.

Mshukuru bibi, lakini hapana; inakausha ngozi. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo na manukato.

Itapona kabisa?

Watoto wengi hupata nafuu kubwa wakikua. Wengine huishi nayo, na inadhibitika.

Nikimbilie hospitali lini?

Ngozi ikitoa usaha au maji ya njano, au mtoto akipata homa. Malengelenge madogo yenye maumivu yakisambaa haraka, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.