Jibu: Je, mbinu nzuri na kitabu cha kiada havitoshi?

Umeuliza kama mwalimu mwenye mbinu nzuri na kitabu mkononi anahitaji kweli kulijua somo kwa kina. Ndugu yangu, anahitaji, tena sana. Kitabu kina majibu ya maswali yake chenyewe. Swali la mtoto hakilijui.

Chukua 6 gawanya kwa nusu, yaani 6 ÷ ½. Aliyekariri atasema "geuza, zidisha, jibu 12". Mara mkono unanyooka nyuma: "Mwalimu, tumegawanya, mbona namba imeongezeka?" Hapo wengi hukunja uso: "Ndiyo kanuni!" Anayelijua somo atachora kamba ya mita 6 na kuuliza vinatoka vipande vingapi vya nusu mita. Watoto watahesabu wenyewe.

Makosa nayo yana lugha yake. Mwanafunzi anayesema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 hajakurupuka, analinganisha 35 na 4 kama namba nzima. Usipolijua hilo utamwekea alama ya kosa na kupita, na kesho atarudia lile lile.

Sisemi shahada inatosha. Wapo magwiji wanaofundisha ubao badala ya wanafunzi. Mtaalamu wa elimu wa Kimarekani, Lee Shulman, alieleza mwaka 1986 kwamba kuna ujuzi wa kulijua somo kwa jicho la kulifundisha: mfano gani unafaa, wanafunzi hukwama wapi. Ila huwezi kuujenga juu ya somo usilolielewa. Ndiyo maana nikiambiwa nichague semina moja tu, mimi nachukua ya somo lenyewe.