Washington si ubini

Msomaji wa Morogoro ameuliza: "Ubini wa George Washington una asili gani? Na ule mji wa Washington ulioko Uingereza, ulipewa jina la rais huyo?"

Mji ndio uliotangulia. Uko kaskazini mashariki mwa Uingereza, na kwa Kiingereza cha kale jina lake lilimaanisha shamba la watu wa Hwæsa. Katika karne ya 12 bwana mmoja, William wa Hartburn, alihamia huko akawa William wa Washington. Wazao wake walihama, jina wakaondoka nalo. Mmoja wao, John, alifika Virginia, Marekani, mwaka 1657; huyo ndiye baba wa babu yake George.

Sasa tulishike hilo neno ubini, maana limenichosha. Limetokana na bin, yaani mwana wa fulani. Juma bin Athumani, ubini wake ni Athumani, kwa kuwa yupo Athumani aliyemzaa. Washington alimzaa nani? Hapo hakuna baba, kuna shamba! Waingereza wana ubini wao: Johnson ni mwana wa John, na hilo sina ugomvi nalo. Lakini tukimwita mtu Mshihiri tunataja mji wa Shihr, huko Hadhramaut, Yemeni, na hakuna anayedhani mji ule ulimzaa. Kwa Washington semeni jina la ukoo. Kwenye fomu iliyokwisha kupigwa chapa, jaza tu upate huduma yako; katika maandishi yako mwenyewe huna udhuru.

Linaloniuma zaidi ni kusoma maneno "ubini wa Booker T. Washington", yule mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi. Alizaliwa mtumwa huko Virginia, na baba yake, mzungu, hakumjua kamwe. Alipoanza shule baada ya utumwa kukomeshwa, alisikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili, hata matatu, naye analo moja. Zamu yake ilipofika akamjibu mwalimu: Booker Washington. Ni kweli baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson, lakini wa kambo hafanyi bin. Mtoto yule alijipa jina mwenyewe, palepale darasani, nasi tunamwandikia ubini!

Wala hakuwa peke yake. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilikuta watu wapatao 163,000 wenye jina hilo, na tisa katika kila kumi walikuwa weusi. Ukiliita ubini, unawabandika wote hao baba ambaye hakuwahi kuwepo.