Toleo la zamani la kitabu cha kemia lafaa?

SWALI: Naanza shahada ya kemia. Mhadhiri ametaja vitabu vitatu vya kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, na kaka yangu ananipa toleo la zamani la kimojawapo. Nilichukue au nitafute jipya?

JIBU: Lichukue, mwanangu. Misingi ya kemia ogania ya mwaka wa kwanza haibadiliki kila toleo linapotoka. Mara nyingi kinachobadilika ni namba za maswali, basi mwombe mwenzako mwenye jipya akuonyeshe za mazoezi. Angalia tu fasili ya moli, kizio cha kiasi cha dutu. Tangu Mei 2019 moli ni chembe 6.02214076×10²³ kamili, haitegemei tena gramu 12 za kaboni-12.

Ila kabla ya kulichukua, fungua ukurasa ambapo ioni ya hidroksidi (OH⁻) inashambulia bromomethani (CH₃Br), na mishale inaonyesha elektroni zinakoelekea. Mshale wa kwanza uanzie kwenye jozi ya elektroni za oksijeni na kuishia kwenye kaboni. Wa pili utoke kwenye bondi ya kaboni na bromini, uelekee bromini. Kisha maelezo yakuambie kwa nini shambulio linatokea upande wa nyuma. Kitabu kinachokupa tu jedwali la mimenyuko ya kukariri kiache, hata kiwe na picha nzuri namna gani.

Ukitaka cha pili, toleo la kumi la kitabu cha John McMurry linasomwa bure mtandaoni kupitia OpenStax, mchapishaji wa vitabu vya kiada vya bure, tangu 2023. Alilitoa kwa kumbukumbu ya mwanawe, na mimi humshukuru kila ninapowaelekeza wanafunzi huko.