Muulize Shangazi: Hasira zinanishinda mpaka mtoto wangu ananikimbia

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, na hasira zimenishinda kabisa. Wiki iliyopita mwanangu mdogo wa miaka 7 alimwaga maji kwenye daftari lake, kitu kidogo tu, nikamfokea mpaka sauti ikakauka alafu nikalichukua lile daftari nikalichana mbele yake. Hakulia. Aliokota vile vipande akawa anavipanga sakafuni kimoja kimoja kama anataka viungane. Usiku sikulala. Sa hivi akisikia tu funguo yangu mlangoni anainuka anaingia chumbani. Sikuwa hivi zamani. Labda ni tangu baba alipofariki miaka 4 iliyopita, kaka yangu akauza nyumba bila kutuambia na hela akala peke yake, mama akatuomba tunyamaze tusije tukaaibika mbele za watu, nikanyamaza. Ila hilo nimeshalisahau, sitaki hata kulizungumzia. Naomba tu unisaidie na hizi hasira.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika pale kwenye vipande vya daftari nasimama. Nianze na hilo ulilosema umelisahau. Hujalisahau mwanangu, miaka umeihesabu na hela umeikumbuka na maneno ya mama bado unayo.

Mama yako alisema funika kombe, na namwelewa, kafiwa na mume na hataki kupoteza na mtoto. Lakini wewe ulifiwa na baba na kudhulumiwa na kaka kwa wakati mmoja, na hakuna hata kimoja ulichopata nafasi ya kukilia. Huzuni ikifungiwa hivyo mara nyingi hutoka ikiwa imevaa nguo za hasira, na haitoki kwa yule aliyekuumiza maana yeye yuko mbali na umekatazwa kumgusa, inatoka kwa aliye karibu na asiyeweza kukujibu, yani huyo wa miaka 7.

Na mwili nao una mambo yake. Kwenye ubongo kuna sehemu ndogo kama lozi, inaitwa amigdala, kazi yake ni kupiga kengele ya hatari, na inaipiga haraka kabla ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopima mambo haijasema chochote. Adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, mwili mzima unajiandaa kupigana na haujui kwamba mbele yake kuna glasi ya maji tu. Hiyo hali haiishi kwa dakika moja. Kwa hiyo kama asubuhi ulikwazwa na mchana ukakwazwa tena na usingizi hukupata, unafika nyumbani ukiwa tayari umechemka, haba na haba hujaza kibaba na hasira nazo ni hivyo hivyo.

Sasa cha kwanza ni mtoto, na iwe leo. Kaa chini usawa wa macho yake umwambie, "Nilichana daftari lako. Lile lilikuwa kosa langu, sio lako. Maji kumwagika ni bahati mbaya." Uishie hapo. Usiongeze "lakini na wewe uwe makini", hiyo lakini itafuta yote uliyosema, na usimlazimishe akwambie amekusamehe. Mtafutie daftari jingine mkae pamoja mnakili yaliyopotea. Na akiendelea kukimbilia chumbani hata wiki kadhaa usimkasirikie, anakupima kama umebadilika kweli, ana haki hiyo.

Cha pili ni pale mlangoni. Kabla hujaingiza funguo simama, ujisikilize taya, mabega, shingo, maana kila mtu ana mahali hasira inapoanzia na wewe lazima upajue pako. Vuta pumzi taratibu alafu uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara sita au saba hivi, mapigo ya moyo yatashuka. Ukichemka ukiwa ndani mwambie mtoto, "Mama amekasirika, naenda kutulia, narudi," alafu KWELI urudi, maana ukitoka bila kusema kitu unamtisha upya.

Kuhusu kaka, sitakwambia samehe. Wengi wataiharakisha hiyo samehe kwa sababu wamechoka na habari yako, na mara zote anaambiwa aliyeumizwa. Wewe chukua karatasi uandike alichofanya, kilichokuuma, na unachotaka sasa, sio lazima umtumie. Ukigundua unataka haki yako muone mwanasheria mapema, kesi za mirathi mara nyingi zina muda wake wa kufungua. Ukigundua unachotaka ni kusikilizwa tu, anza na mama, mwambie, "Nilinyamaza kwa ajili yako lakini inaniumiza." Na kama hapo napo pagumu tafuta mshauri nasaha, hasira ni kitu wanachokifanyia kazi kila siku na wanakielewa. Ila siku ukiona mkono umeinuka kumpiga mtoto kwa hasira usingoje, mwachie mtu unayemwamini na wewe utafute msaada siku hiyo hiyo.

SWALI: Shangazi, rafiki yangu aliniambia nikikasirika nipige lile gunia la mabondia mpaka hasira itoke. Mwezi wa tano huu napiga na hasira iko palepale, nakosea wapi?

JIBU: Hukosei, ushauri wenyewe ndio mbovu, na umesambaa kweli. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman wa Marekani aliwakasirisha wanafunzi, alafu wengine wakapiga gunia huku wakimfikiria aliyewaudhi na wengine wakakaa tu kimya dakika chache. Waliopiga gunia ndio waliobaki na hasira zaidi. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik wakakusanya tafiti 154 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona kinachopunguza hasira ni kile kinachotuliza mwili, kama kupumua taratibu, kutafakari, kulegeza misuli. Hata kukimbia hakukusaidia. Kila ngumi unayopiga huku unamuona mtu fulani usoni ni mazoezi ya kumkasirikia, na mazoezi humfanya mtu awe hodari. Gunia libaki la kujenga afya, siku ambazo umetulia.

SWALI: Mume wangu ana presha na anafoka kila siku. Nikimwambia hasira zinaua anasema natia chumvi. Ni kweli au si kweli?

JIBU: Hutii chumvi. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2014 ulionyesha kwamba ndani ya saa 2 baada ya mtu kulipuka kwa hasira hatari ya shambulio la moyo inapanda karibu mara 5. Kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo, lakini kwa mwenye presha anayefoka kila siku inajirudia na kujirudia. Na mwaka 2024 watafiti waliwachukua watu wazima 280 wasio na ugonjwa, waliokumbushwa jambo lililowakasirisha kwa dakika 8 tu mishipa yao ya damu ilishindwa kutanuka vizuri mpaka dakika 40. Usimwambie haya wakati anafoka, hatasikia. Subiri ametulia, umwambie unamuogopea, na muende wote kwa daktari wake, mkiwa na orodha ya dawa anazotumia. Na akisema kifua kinabana au maumivu yanashuka mkononi, usisubiri hasira ipoe, mpeleke hospitali muda huo huo.