Bromelaini na baridi yabisi
Dada uliyeuliza kama mama yako aache methotreksati, dawa yake ya baridi yabisi, ameze bromelaini: hapana, asiache. Bromelaini, kimeng'enya cha nanasi kinachosaga protini, ni ya kusaidia tu, na kwa baridi yabisi ushahidi wake bado ni mdogo.

Akiitumia, ameze tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 45 kabla ya kula. Akiimeza pamoja na ugali na nyama, kimeng'enya kinaishia kusaga nyama. Kidonge chenye ganda la kukinga asidi ya tumbo asikitafune wala kukiponda. Kama anatumia warfarini au aspirini, dawa zinazopunguza kuganda kwa damu, amwone daktari kwanza, anaweza kuvuja damu.

Nanasi la soko la Mbuyuni ale kwa utamu wake, bromelaini nyingi iko kwenye shina. Halafu methotreksati ni mara moja kwa wiki, siyo kila siku!