Printa imeingia, mbona haichapi?

SWALI: Habari zenu. Kaka kaniachia printa yake ya zamani, kwenye kompyuta yake ya Windows 7 ilikuwa inachapa poa tu. Mimi nina laptopu mpya ya Windows 11, haina lile tundu pana la USB, nikatafuta adapta nikachomeka, laptopu ikalia kale kamlio kake nikajua tayari. Kila nikichapa hakuna kitu, inasema draiva haipatikani. Adapta mbovu au nitupe printa?

JIBU: Usitupe kitu. Adapta yako nzima, ingekuwa mbovu hata huo mlio usingeusikia. Wengi wanadhani waya ukiingia basi vimeelewana, kumbe waya ni njia tu, draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa) ndo mkalimani, na asipokuwepo vitakaa vinaangaliana hadi kesho.

Kwenye laptopu fungua Settings, nenda System kisha About, usome mstari wa System type. Windows 11 ipo ya biti 64 tu (biti ni kipimo cha data ambayo prosesa inashughulikia kwa mkupuo mmoja), wakati Windows 7 ilikuwepo ya 32 na ya 64, kwa hiyo kama CD ya kaka ina draiva ya biti 32 haitakubali hata uibembeleze. Ukikuta neno ARM hapo (aina ya prosesa tofauti na zile za kawaida za Intel na AMD) ujue kazi imeongezeka, maana programu za kawaida Windows inaweza kuziigizia prosesa yake zikaenda lakini draiva haiigizwi, lazima iwe imetengenezwa kwa ARM64.

Sasa geuza printa, soma modeli kwenye lebo ya nyuma mpaka herufi ya mwisho (hiyo herufi watu wanaidharau, ndo inayowaponza), uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, sio hizi tovuti za draiva za bure zinazokuletea na virusi juu. Ukikosa ya Windows 11 jaribu ya Windows 10 ya biti 64, mara nyingi inakubali.

Hakuna kabisa? Cheki kitabu chake kama inaelewa PCL au PostScript (lugha za kuielekeza printa jinsi ya kuchora ukurasa), hapo kuna draiva za jumla zinaweza kukuokoa. Ila kama ni zile printa za bei rahisi zinazoiachia kompyuta kazi yote ya kupanga ukurasa, bila draiva yake ni boksi tu, ibaki kwenye kompyuta ya kaka.

SWALI: Nataka kununua printa, nitajuaje kama itakubali laptopu yangu?

JIBU: Tafuta alama ya Mopria au AirPrint, hivi ni viwango vya kuchapa bila draiva maalumu. Mopria inaelewana na Windows 11 bila kuhangaika na draiva ya mtengenezaji, AirPrint ni ya Mac na iPhone, ipo tangu 2010. Kama ni ya waifai, nyingi zinashika masafa ya 2.4 GHz tu, ruta iliyowashwa 5 GHz peke yake hazitaiona. Na uliza kama waya wa USB upo ndani ya boksi, mara nyingi hawauweki.